Maji ya Moto Asubuhi na Jioni

Jumatatu, 4 Machi
Mvua tena. Ndoo ya maji ya moto ilikuwa mlangoni kabla ya saa kumi na mbili, kama kawaida. Mwaka wa tatu huu Mama Lusekelo, mwenye nyumba wangu, ananichemshia maji ya kuoga bila kuombwa. Anasema mtu wa Singida akioga maji ya baridi ya Rungwe atakufa kabla hajamtibu mtu. Kisha anajitwisha tenga lake, huyo, kwenda kuchuma chai.

Kituoni vikohozi na malaria. Nimechoka.

Jumanne, 5 Machi
Mchana wamemleta Mama Lusekelo mwenyewe. Alikuwa anapakia ndizi kwenye lori la fuso, akateleza likianza kusogea. Tairi limepita juu ya mkono wa kulia, toka kifundo hadi juu ya kiwiko. Wenzake wanalia, yeye anauliza kama mikungu imesalimika.

Hakuna jeraha. Michubuko tu. Nimempeleka Tukuyu mjini kupiga eksirei. Mfupa mzima. Matope yalikuwa laini, yaliupokea mkono. Tukamshukuru Mungu.

Nimempa dawa za maumivu. Nimemwambia aukande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, asiache mpaka asikie joto limeingia. Ndivyo mama yangu alivyotukanda sisi. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Ijumaa, 8 Machi
Amenipungia mkono wa kushoto toka barazani. Wa kulia kaufunika kwa kanga. Nimeuliza toka mbali, akasema umevimba kidogo. Nikasema utashuka. Nilikuwa nimechelewa kazini.

Jumatatu, 11 Machi
Bupe, binti yake, amenigongea asubuhi. Nimefunua kanga. Harufu. Malengelenge yamepasuka, ngozi nyeusi kwa mabaka. Nikiigusa inateleza juu ya nyama, kama ya kuku wa kuchemsha, na chini yake majimaji yanacheza. Nimemwambia afumbe macho, nikamchoma kwa ncha ya sindano. Hakushtuka. Nikachoma tena.

Bupe anasema kila siku mama alitaka maji yaongezwe moto. Mama Lusekelo akaniambia kwa sauti ya kuomba radhi, "Joto halijaingia bado, daktari."

Nimempigia mwalimu wangu wa chuo, yuko Mbeya. Alielewa kabla sijamaliza. Tairi liliivuta ngozi ikaachana na nyama kwa ndani, bila kuchanika juu. Mishipa ya fahamu ikakatika, damu na majimaji vikajaa katikati. Eksirei haionyeshi hayo. Ilitakiwa niishike ngozi siku ile ile, nione kama inateleza, nione kama inasikia. Dakika mbili. Kisha bandeji ya kubana na safari ya Mbeya.

Mimi nilimtuma akaubabue.

Jumatano, 13 Machi
Mbeya. Wamepasua, wametoa majimaji, wamekata ngozi yote iliyokufa. Watapandikiza ya paja kidonda kikitulia. Anawaambia manesi kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Sikumsahihisha. Nimeenda kulia chooni. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 6 Aprili
Amerudi. Ngozi mpya imeshika. Kiwiko hakinyooki. Vidole vinashika kijiko, basi. Chai hatachuma tena, na analijua hilo. Tenga ameshampa jirani.

Majirani wamekuja na ndizi na maombi. Kila mmoja ananiambia "ndaga", asante, na kila moja imenichoma. Walipoondoka nimemwambia, jikoni, Bupe akiwepo. Kwamba mkono ulikuwa hausikii na mimi sikuupima. Kwamba maji ya moto ni kosa langu.

Ameangalia mafiga. Kisha akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani nakanda vibaya."

Bupe alitoka nje.

Jumapili, 7 Aprili
Hawakunipitia kwenda kanisani. Nimeshinda ndani. Nimefua koti la kazi mara mbili.

Jumatatu, 8 Aprili
Nimeamka kabla yao. Nimechemsha maji, nikayapooza, nikampelekea ndoo bafuni. Nilitaka kummwagia mgongoni, mahali ambapo mkono mmoja haufiki. Hakukataa.

Kwanza aliingiza mkono wa kushoto, ule unaosikia, ndani ya ndoo, akauacha humo. Nilisimama na kopo, nikasubiri mpaka alipoutoa.