Profesa amepotea ubaoni

Shoga, uko hewani? Niko nje ya darasa.

Ni Mzee Kwanta. Profesa wetu wa fizikia, yule uliyembandika jina hilo wewe mwenyewe.

Leo alikuwa anatuandikia mlinganyo wa chembe mbili ubaoni. Akafika katikati akasimama. Akafuta, akaanza upya, akakwama palepale. Akafuta tena. Sisi tukajua anatutega, si unamjua?

Kisha akageuka, akatutazama kama watu waliokosea mlango. "Hivi nyie mnasoma nini humu?"

Watu wakacheka. Shoga, walicheka!

Mimi nimekaa mbele, nikaona midomo inamcheza. Nikaenda nikamshika mkono. "Profesa, kaa kidogo, nitakumalizia." Akanipa chaki. Yule asiyekubali hata umfutie ubao, kanipa chaki bila ubishi!

Nikaandika huku machozi yananitoka. Yeye kakaa kwenye kiti changu, anafuatilia kila mstari, na nilipomaliza akapiga makofi peke yake.

"Safi sana, binti. Nani amekufundisha?"

Nani amekufundisha! Ananiuliza yeye!

Nikamwambia, "Ni wewe, Profesa." Akatabasamu tu, kama mtu aliyepewa sifa za mwingine.

Mkewe amekuja kumchukua sasa hivi. Wala hakushangaa. Alimfunga vifungo vya koti, kisha akaniambia polepole, "Nyumbani alishaanza kupotea, mwanangu. Hapa darasani ndipo palipokuwa pamebaki."

Nipigie, tafadhali. Siwezi kuingia kuufuta ule ubao.