Trekta la Mkonge

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nilikuwa natia spana za Bapa, baba yangu, kwenye magunia — hodi! Nikajibu karakana imefungwa. Mtu haondoki. "Wewe si Firoza wa Mzee Kasam?"

Chirau! Dereva wa shamba la mkonge kule Kilifi, Bapa alikokuwa fundi mitambo mimi nikiwa mdogo. Kichwa cheupe pepepe, lakini kicheko ni kile kile.

Siku hizi yuko hapa Mombasa, Shimanzi, kwenye godauni la majani ya chai, anaendesha trekta la kuvuta matrela. Na trekta lenyewe — sikuamini — ndilo lile la shambani! Shamba lilipouzwa lilinunuliwa, likafungwa magurudumu madogo nyuma, likatiwa ndoano. Altaneta ni ile ile aliyoifunga Bapa alipotoa dainamo ya zamani. Sasa haichaji betri. Kila asubuhi hamali hulisukuma ndipo liwake. Tajiri amesema likifika Ijumaa hivi hivi litakatwa skrepa, na Chirau apumzike nyumbani.

Nikamwambia sisi tunahama. Kakangu Kashif ametuita Toronto, vyombo vyote vinauzwa. Akauliza habari za Mama. Hakuwa na habari kwamba ametangulia mbele ya haki.

Akakaa kizingitini, akavua kofia. "Mwanangu Nyevu alizaliwa mikononi mwa mama yako," akasema. "Usiku wa mvua ile, gari limekwama."

Nimemwahidi nitakwenda kesho kulitazama trekta. Sijui kwa nini.

Jumanne, 6 Agosti

Shimanzi — vumbi, malori, kelele. Zamani trekta lilikuwa jekundu. Wamelipaka manjano! Lakini injini ilipowaka nililijua kwa sikio tu. Ule mguno, kama mzee anayeinuka kitini.

Nimepima betri kama Bapa alivyonifundisha: volti kumi na mbili, injini imezimwa. Injini ikinguruma: kumi na mbili vile vile. Haipati kitu. Mkanda umekaza. Vichwa vya betri nimevisugua mpaka vikang'aa. Nikamuuliza Chirau, taa nyekundu ya chaji inawaka? "Haiwaki kamwe, namshukuru Mungu!" Basi nikaifungua altaneta nije nayo nyumbani.

Nikifungua nati ananisimulia. Jinsi Mama alivyokuwa akija kwenye gereji ya shamba na sufuria ya khichri, ule wali wa choroko, akigonga kifuniko kwa mwiko. Wote huacha kazi — Bapa, Chirau, hata mwenye shamba kama yupo. Nilikuwa nimesahau ule mlio. Nilijifanya natafuta spana.

Jumatano, 7 Agosti

Altaneta ni nzima! Nimeifunga kwenye meza ya Bapa, nikaiunga na betri, nikaizungusha kwa mota. Volti kumi na nne, haitikisiki.

Bapa alisikia mota, akateremka. Tangu barua ya Kashif hajakanyaga karakana. Anashinda ghorofani, redio sikioni. Akasimama mlangoni. Ya nani hiyo? Nikamwambia. Akaishika kama mtu ashikavyo kichwa cha mtoto. Akauliza kama Chirau bado anavuta sigara kali zile. Nikasema ameacha. "Mimi pia," akasema — na akapanda zake juu.

Chakula cha jioni alikula sahani mbili.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeirudisha mahali pake. Haichaji! Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. Nilitaka kulia. Msimamizi alipita, akauliza aite wakata vyuma leo au kesho. Chirau anapangusa tu boneti kwa kitambaa, anapangusa.

Nikamwambia akae kitini, azungushe ufunguo bila kuwasha. Taa nyekundu? Haiwaki. "Si vizuri?" akauliza. Na hapo ndipo akili iliponirudia. Wajinga wawili! Injini ikiwa imezima, ufunguo ukizungushwa, ile taa LAZIMA iwake. Umeme wa kuiamsha altaneta hupitia kwenye taa. Bila taa inalala tu.

Imekufa lini? Tangu lilipopakwa rangi, akasema, siku za Maulidi. Alifurahi — taa nyekundu ni ya balaa.

Nikachungulia nyuma ya dashibodi. Aliyepaka rangi ameng'oa waya, na glopu hakuna. Nimeunga waya, nikatia glopu. Ufunguo — nyekundu! Chirau akaruka, "Kuna shida!" Nikamwambia hiyo ndiyo heri. Akawasha. Akakanyaga mafuta. Taa ikafifia... ikazimika. Mita: kumi na nne.

Chirau alilizungusha trekta uani mara mbili, matrela matupu yakimfuata, hamali wanapiga miluzi. Mimi nimesimama na mita mkononi, machozi yananitoka mbele za watu. Nilimwona Bapa akiwa kijana. Nilimwona Mama. Kulikuwa na mbingu kubwa kule shambani, na sisi tulikuwa kwetu.

Ijumaa, 9 Agosti

Liliwaka lenyewe asubuhi, halikusukumwa. Chirau alikuja kusema baada ya swala. Amebaki kazini. Yeye na Bapa walishikana mikono muda mrefu, kila mmoja anamuuliza mwenzake habari za watu waliokufa. Halafu wakacheka. Sijui walicheka nini.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika nimekaa ngazini. Hamali wamefika na mkokoteni kuchukua meza na jiliwa ya Bapa. Aliyenunua ni fundi wa Bondeni. Tulikubaliana vichukuliwe leo asubuhi.

Lakini Bapa yuko mezani! Tangu alfajiri. Chirau amemletea stata ya lori la rafiki yake, na ameifungua yote, kila kipande juu ya gazeti. Miwani puani. Haniangalii. Nimemwambia, Bapa, watu wa meza wamekuja. Akasema, "Nipe bisibisi ile ndogo."

Ile ndogo iko kwenye gunia. Gunia nimelishona mwenyewe.

Kashif atapiga simu kesho kuuliza tarehe. Mkubwa wa hamali ananiita, bibi, tupakie? Wamesimama, kamba mkononi.

Nimewaambia wanywe chai kwanza. Nakata uzi wa gunia —