Homa Niliyosingizia kwa Ajili ya Mkaguzi

Nambis, Mbulu

Dada yangu Anyesi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba Mama miguu imepungua kuvimba. Kahawa imeanza kuiva? Mimi mwilini sijambo. Mvua ya huku imekuwa nzuri, maharage yamestawi, ila baridi usiseme: nafundisha nimevaa sweta mbili. Ukijibu, kwenye bahasha usiandike tena Mkoa wa Arusha. Siku hizi sisi ni Manyara.

Dada, kuanzia hapa usimsomee Mama. Soma kwanza peke yako.

Unamkumbuka yule paka wangu, Mkaguzi? Nilimpa jina hilo kwa sababu kila jioni aliyazunguka magunia ya mahindi, akayanusa moja moja, kisha akaja kukaa miguuni pangu kama aliyemaliza kuandika ripoti. Nikitoka shuleni namkuta mlangoni. Nikisahihisha madaftari, analala juu ya yale ambayo bado.

Baada ya Pasaka aliota uvimbe kwenye taya. Nilidhani ni jino. Ukakua mpaka akashindwa kufumba mdomo, ukaanza kutoa harufu. Nikamwita bwana mifugo, mtu wa Kondoa, alipokuwa akipita kuchanja ng'ombe. Alimpapasa, akanawa mikono, akasema, "Mwalimu, hii ni kansa. Dawa sina, na hata mjini hutaipata. Ninachoweza ni kumchoma sindano apumzike."

"Tungoje kidogo," nikamwambia.

"Tungoje nini? Mnyama ana njaa na hawezi kula."

Tukakubaliana aje Alhamisi asubuhi. Siku hiyo nilikuwa na vipindi. Sasa ningemwambiaje mwalimu mkuu kwamba naomba ruhusa ya kumuuguza paka? Nikatuma ujumbe kwamba nina homa kali, siwezi kuamka.

Huku, dada, mtu akisikika anaumwa haachwi peke yake. Bwana mifugo hajafika, nikasikia hodi, na mlango nilikuwa nimeuacha wazi. Wakaingia mwalimu mkuu mwenyewe, mzee wa kanisa, na jirani yangu Mama Yustina akihema, ameshika kibuyu cha maziwa ya mgando. Wakanikuta nimekaa sakafuni, paka mapajani, namdondoshea maji kwa pamba, machozi na kamasi vinanitoka kama mtoto.

"Tumeambiwa una homa," mwalimu mkuu akasema.

Nikashindwa kuongeza uongo wa pili. "Ni paka," nikasema. "Anakufa."

Mzee wa kanisa alikohoa, nikajua anazuia kicheko. Mwalimu mkuu aliitazama dari, akasema basi, ana wageni ofisini. Wakaondoka pamoja. Kabla hawajafika barabarani nikawasikia wakicheka.

Mama Yustina alibaki.

Nikueleze kuhusu huyu mama, ndipo utajua aibu yangu ilipo. Yustina alikuwa mwanawe, mwanafunzi wangu wa darasa la tano. Homa ilimchukua mwaka jana, wakati wa palizi. Na katika magonjwa yote ya duniani, mimi nikachagua kusingizia homa. Ndiyo maana alikuwa akihema. Alikuja mbio.

"Mama, nisamehe," nikaanza.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Mkaguzi."

Akakaa chini kando yangu, akaivuta khanga yake, akamfunika yule paka mgongoni. Bwana mifugo alipofika, yeye ndiye aliyeshika miguu, mimi nikashika kichwa. Nilimwita kwa jina. Sikio lake moja likageuka upande wangu, baadaye likatulia. Haikuchukua muda. Tulimfukia nyuma ya jiko, na Mama Yustina akachagua mawe ya kuweka juu mbwa wasimfukue.

Shuleni sasa wananiuliza, "Mwalimu, mgonjwa wako anaendeleaje?" Hayo nayavumilia, ni haki yao.

Jumamosi nilirudisha kibuyu. Nikamwambia Mama Yustina kwamba nimeona haya, kwamba nilidanganya, nikamkimbiza bure mtu mwenye kidonda kama chake. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha.

"Hukudanganya," akasema. "Kwetu mgonjwa ni mtu anayeshindwa kula. Nilichungulia jikoni kwako, mwalimu. Sufuria zilikuwa kavu. Nikajua huyu ameumwa kweli."

Dada, niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyefarijiwa, nikaaga. Sikuweza kumwambia kwamba siku tulipomzika Yustina nilisimama nyuma na walimu wenzangu tukizungumzia uhamisho, jicho kavu kabisa. Na walipogawa makande nilikula vizuri, nikapeleka sahani kuongezewa. Aliyeniongezea ni mama yake mdogo Yustina.

Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie mimi ni mzima tu. Nisalimie shemeji, mjomba wetu fundi cherehani, na bibi wa ng'ambo ya mto, ukimpazia sauti maana hasikii vizuri. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Mniombee huko, nami nawaombea kutoka kwenye baridi hii.

Ni mimi mdogo wako,
Festo