Nilikitoboa Chandarua cha Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo hapa kazini, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi haijafika, na tafadhali usinitaje, kwa sababu jambo lenyewe nikilitamka hata mimi najionea aibu, lakini nimelibeba wiki tatu peke yangu na sasa limenielemea.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, binti wa miaka minne, tunamwita Kasuku kwa sababu hakuna neno la mtu mzima linalompita bila kulirudia. Mume wangu ni fundi wa lifti, mimi niko mapokezi hotelini, tunakaa ghorofa ya pili, vyumba viwili na roshani, na msimu huu wa joto mbu wametuandama kuliko mwaka wowote, tumechoma dawa, tumepulizia, tumefunga madirisha mpaka tukachemka wenyewe, wapi! Ndipo mume wangu akamwita mama yake aje akae nasi miezi hii ili mtoto asiachwe na mtu baki tukiwa kazini, nami nikasema karibu sana Mama, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, maana nilijua yeye atachukua chumba cha mtoto na mtoto atalala kwetu.

Mshauri, haikufika wiki, chumba cha yule mama hakina mbu hata wa dawa. Alikuja na chandarua chake mwenyewe, cha zamani, kilikuwa cheupe sasa kina rangi ya chai ya maziwa, na kila Jumapili asubuhi anakishusha, anakipeleka dirishani, anakiinua kwenye mwanga na kukikagua kiganja kwa kiganja, akiona tundu hata la kupita kichwa cha pini analishona hapohapo kwa uzi mwekundu, eti ajue lipi ameshalimaliza. Jua halijashuka madirisha yake yamefungwa, nguo zilizoning'inia nyuma ya mlango zimekung'utwa, ndoo ya bafuni imefunikwa, na yote hayo anayafanya huku anaimbaimba, hachoki, halalamiki, ananikera.

Halafu akaja kwenye maua yangu. Mimi sina starehe nyingine, mshauri, sina vikundi wala safari, nina vyungu vyangu tisa roshani, kila kimoja na kisahani chake, na chupa za vioo dirishani nimeoteshea vikonyo ndani ya maji. Siku ya tatu tu akaniita, "Mama Kasuku, hebu njoo uone, mwanangu," akanyanyua chungu, na ndani ya kisahani kulikuwa na viluwiluwi vinajipindapinda. Akasema, "Hawa ndio wanaotula. Haya maji yamwagwe kila wiki, na visahani visuguliwe." Hakusema kwa ubaya, lakini alisema mbele ya mume wangu, na mume wangu akacheka, "Kumbe tunafuga!" Nikajibu kwamba mbu wote wanatoka mtaroni, maua yangu yaachwe, na tangu siku ile nikawa navijaza visahani maji mpaka ukingoni, makusudi, ili ieleweke hii nyumba ina mwenyewe.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni mtoto. Kasuku alihamia kwa bibi yake, mchana analala humo, usiku analala humo, na mimi nikitoka kazini sijavua hata viatu namwita, anaitikia kutoka ndani ya chandarua na hatoki, ananiambia, "Bibi anasema chandarua hakifunguliwi ovyo." Basi nasimama pale na mkoba wangu begani, nawatazama wawili ndani, bibi anamchana nywele, wanacheka kitu ambacho mimi sikijui. Niliona wivu, mshauri, naandika wazi. Mtoto nimemzaa kwa upasuaji, nimemnyonyesha miaka miwili, siku moja nikambembeleza, leo utalala kwa mama? Akanitazama, akasema, "Kwako kuna mbu." Kwako! Utadhani mimi jirani.

Jumanne moja nilikuwa na mapumziko, mume wangu yuko kazini, mama mkwe kaenda dukani na mtoto. Nikachukua kimkasi changu cha kucha, nikaingia chumbani, nikakitoboa kile chandarua upande wa ukutani, matundu kumi na moja, niliyahesabu. Nilitaka mtoto aumwe na mbu siku moja mbili tu, aone kwamba na kwa bibi wapo, arudi kwangu. Naapa sikutaka zaidi ya hapo.

Kesho yake asubuhi mikono yake ilikuwa na vipele tele, lakini hakurudi kwangu. Alimwambia bibi yake, "Mbu wako leo wananiuma," na bibi akajibu, "Hao wageni tu, nitawatoa." Nilipotoka kazini siku hiyo nikakuta matundu yote yameshashonwa, kumi na moja, uzi mwekundu. Hakuuliza kitu, nami nikasema moyoni, hata hapa kaniwahi.

Baada ya wiki mtoto akapandwa na homa, mwili wote unauma, macho hataki kuyafumbua. Alilazwa siku nne. Daktari akasema ni homa ya dengi, akatueleza kwamba mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye maji safi yaliyosimama majumbani, akaniuliza mimi, kwenu kuna maji ya namna hiyo? Nikasema hapana. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yangu. Alinitazama, kisha akatazama sakafu.

Mtoto amepona, namshukuru Mungu, anakula na anarudia maneno ya watu kama zamani. Lakini tuliporudi nyumbani mume wangu alikuwa anatandika kile kitanda, akaona ule uzi mwekundu umejazana sehemu moja, akamgeukia mama yake, "Mama, matundu yote haya, na wewe unamlaza mjukuu wako humu?" Mimi nilikuwa mlangoni na chai mkononi. Mama akasema, "Macho yangu, mwanangu. Yamekwisha. Sikuyaona mapema." Mume wangu akamtolea maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mama yake, na mimi nikaweka chai mezani nikaenda jikoni. Kuanzia hapo mama anasema Jumamosi anarudi kwake, asije akatuletea balaa lingine kwa uzee wake.

Na badala ya kununa, anazidi kunihudumia! Jana natoka mbio kuja kazini, kifungo cha koti kikadondoka, akaniambia simama hapohapo mlangoni, akatunga sindano mara moja, akakishona koti likiwa mwilini, uzi mweusi kwenye koti jeusi, akaukata kwa meno, akasema, "Nenda, mwanangu, usichelewe." Nililia ngazi zote mpaka chini.

Sasa mshauri, nikisema, mume wangu hatanitazama tena kwa jicho lile lile, na huenda ndoa ikafia hapo. Nikinyamaza, mama wa watu anaondoka akijiona kipofu aliyemsababishia mjukuu wake ugonjwa. Na nikueleze ukweli wote: kuna kipande cha moyo wangu kinafurahi anaondoka, kwamba mtoto atarudi kuwa wangu, na juzi Kasuku aliposema atakwenda naye wivu ulinipanda upya kama vile sijajifunza lolote. Hicho kipande kinanitisha kuliko hata mume wangu. Nifanye nini?

Mimi,
Mwenye Kimkasi

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Kimkasi,

Mtoto amepona, na hiyo ndiyo pona yako na wewe. Angekuwa bado kitandani nisingekuwa na la kukuambia. Sasa tulia nikuseme.

Ulijaza visahani maji mbu wakazaliana, ukatoboa chandarua ili waingie, kisha daktari akakuuliza swali la uhai wa mwanao ukamdanganya ili usionekane mchafu mbele ya mkweo. Hayo ni matatu, na hakuna hata moja lililofanywa na mbu. Usiniandikie tena kwamba mtaro ndio wenye makosa.

Wivu wenyewe sikushangai. Mwanangu wa kwanza alimwita dada yangu "mama" mwaka mzima kwa sababu mimi nilikuwa natoka asubuhi na kurudi jioni. Mezani nilicheka na wenzangu, bafuni nikalia na taulo mdomoni. Kila mama anayeacha mtoto mikononi mwa mwingine ili akatafute riziki anakijua kidonda hicho. Lakini mimi sikumwadhibu mtoto kwa kidonda changu.

Tuje kwenye kifungo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili kifungo kilinikwamisha. Uzi mweusi, koti jeusi, wewe mwenyewe unahangaika mlangoni, na sindano ikatungwa mara moja. Hayo ndiyo macho yaliyokwisha? Mwanamke anayeona tundu la kichwa cha pini, asione matundu kumi na moja yaliyokaa pamoja?

Aliyaona siku ya kwanza tu, ndiyo maana ulipotoka kazini ulikuta yameshonwa. Na mtu aliyeshona vyandarua umri wote ule analijua tundu la kuchakaa, limelegea na nyuzi zinaning'inia, na analijua tundu la mkasi. Mwanawe alikuwa kazini. Mjukuu alikuwa naye dukani. Nyumbani alibaki nani? Hahitaji miwani kwa hesabu hiyo. Halafu ukamdanganya daktari naye akikusikia, akayaunganisha yote mawili akanyamaza.

Alijua, mwanangu. Mwanawe alipomuuliza, alikuwa na jibu moja la kweli ambalo lingevunja nyumba yako, akaamua kuyasingizia macho yake. Wewe ukiwa mlangoni umeshika chai. Anaondoka Jumamosi kwa sababu ameona vizuri sana kwamba humtaki.

Basi fanya hivi, na uanze leo, maana Jumamosi haisubiri barua ya pili.

Mwendee yeye kwanza, peke yenu. Usianze na zawadi, usianze na machozi, anza na neno "nilitoboa". Usiseme shetani alikupitia. Akisema alijua, nyamaza umsikilize. Leo hiihii, kabla hamjala, mwambie mumeo, mama yake akiwepo, kwa mdomo wako mwenyewe. Atakasirika, na ana haki. Muache akasirike, usimkimbie ukaingia jikoni safari hii. Lakini naye ana deni la kumwomba mama yake radhi, na hawezi kulilipa wakati wewe umeficha sababu. Ndoa ikitikisika itikisike kwa ukweli. Hii unayoilinda sasa imesimama juu ya mgongo wa bibi kizee.

Visahani vimwage vyote na uvisugue kwa brashi, kwa sababu mayai ya mbu hung'ang'ania ukingoni hata maji yakiisha, kisha vijaze mchanga, maua hayatakufa. Vikonyo vya kwenye chupa vihamishie kwenye udongo. Chungulia trei ya nyuma ya friji, watu wengi huisahau. Mumeo anayepandisha watu ghorofa kumi hashindwi kugongelea wavu madirisha mawili, mpe kazi hiyo, itampoza hasira. Kila Jumapili zunguka nyumba na umwage maji yoyote yaliyosimama.

Mama akikataa kubaki, usimng'ang'anize. Mbebee mzigo wake, na umpeleke Kasuku kumtembelea kabla hajaomba.

Na hicho kipande cha moyo kinachofurahi hakitatoka kwa siku moja, ila nikuulize kitu. Majuma yote hayo umesimama nje ya chandarua na mkoba begani, unawatazama wawili wanacheka. Kuna aliyekukataza kuingia? Mtoto alisema hakifunguliwi ovyo, hakusema hakifunguliwi kwa mama yake. Ukishayasema yote, vua viatu, vua na hilo koti lenye kifungo chake, inua pindo, ingia ukae nao, na ulichomeke haraka chini ya godoro kabla mbu hajakufuata.