Siku Sita Ulizokuwa Nkwabi

Maduhu, ndugu yangu,

Mwangaluka. Najua kusoma hukujua. Kila barua yako niliisoma mimi, nawe ukinilaumu kwamba naruka maneno. Basi huko uliko mtafute mwenye kujua akusomee, na umwambie asiruke hata moja, maana leo nimeandika ya aibu.

Naogopa, Maduhu. Kesho Bwana Shauri wa boma anakuja mgodini kusikiliza madai ya mkeo, Mama Minza, ya fidia ya kifo chako. Mgodi unasema hukuwa kazini siku ile. Eti ulikuwa umeshamaliza kipande chako, kadi ya siku thelathini za kazi, ukaingia kinuni kuzurura, mkanda wa mashine ya kusaga mawe ukakukamata. Mtu wa kusema huo ni uongo ni mimi.

Unakumbuka nyapara aliponinyima ruhusa ya kwenda Tinde kumzika baba? Kipande changu kilikuwa kimebakiza visanduku sita kutimia siku thelathini. Ukikosa siku nyingi, kadi yote inakufa na malipo yake. Wewe ulikuwa umetimiza yako, umekaa mlangoni unatafuna michembe yako ya viazi. Ukaninyang'anya kadi mkononi ukasema, "Nenda kazike. Siku sita hizi mimi ndiye Nkwabi." Sote tulifanyiana hivyo pale kambini, mwenzako akifiwa unamshikia kipande, na nyapara anajifanya haoni. Nikakuambia usiende kukopa pombe kwa jina langu. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako, pombe!

Nilirudi siku ya sita. Nikashuka kwenye lori Kharumwa, nikapita kwako kumsalimu Mama Minza. Lo! Aliponiona alipiga kigelegele, akanishika mikono yote miwili. Asubuhi ile mtu aliyetoka mgodini alikuwa amemwambia kwamba Nkwabi wa kinuni amekatwa na mkanda, amekufa jana. Sasa anamshukuru Mungu kwamba ni uzushi. Anacheka, ananiletea maji, anamwita Minza aje amwone baba yake mdogo aliyefufuka. Na mimi nimesimama na kata mkononi, nimeshajua ni nani aliyekufa.

Sikumwambia. Niliyanywa maji yake, nikaaga, nikaondoka mbio. Walipomletea mwili hapakuwa na mtu wa kumshika. Nisamehe hilo kwanza, mengine baadaye.

Kambini nyapara alinikabidhi kipande changu. Visanduku vyote vimetiwa alama, hata cha siku ya sita, ambayo hapakuwa na Nkwabi yeyote kinuni, wala wewe wala mimi. Akasema, "Umetimiza. Ukifungua mdomo, aliyemdanganya mwajiri ni wewe, na atakayefungwa ni wewe." Nikapokea. Nikala posho ya siku uliyokufa.

Ule mkanda sasa umewekewa ubao wa kuukinga. Ndiyo, ubao uleule uliouomba mara ngapi! Siku ya tatu baada ya mazishi fundi aliupigilia misumari, kazi ya nusu saa. Nakumbuka ulivyosimama mbele ya mzungu wa kinu ukamwambia, "Bwana, mkanda huu hautofautishi mkono na gunia." Nikakuvuta shati, nikakunong'oneza kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Ukacheka ukasema, basi kwako Nkwabi kutakuwa na harusi kila siku. Hakuna harusi, ndugu yangu. Kicheko chenyewe sijakiona.

Nikaanza kuwaandikia wenzetu madai. Sijui, labda niliogopa kukaa na kipande kile bila la kufanya. Shija aliyekatika vidole nilimwandikia, akalipwa. Mzee Luhende, anayekohoa vumbi la mawe mpaka anashika ukuta, nilimwandikia apimwe kifua na daktari wa serikali. Siku hizi wananiita karani wa majeruhi, na mzee yule ananiita shujaa mbele za watu. Natamani ardhi ipasuke! Wote nimewaandikia isipokuwa wewe, kwa sababu karatasi yako ina jina langu.

Mama Minza alikwenda boma mwenyewe, kwa miguu. Aliwahi kuniuliza mara moja tu, "Shemeji, hivi Maduhu alifuata nini kinuni siku ile?" Nikamjibu sijui.

Leo asubuhi niliwasha moto nikichome kile kipande. Nilikishika juu ya mafiga hadi vidole vikaungua. Sikuweza. Lakini najijua, kesho ningeweza. Kwa hiyo nikakipeleka kwa Mama Minza, amefikia kwa mke wa Shija akisubiri shauri. Nikamweleza yote, na ya maji pia. Hakulia wala hakunitukana. Alikifunga kwenye pindo la kanga, fundo la kwanza, fundo la pili. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilikupigia kigelegele, na wewe ukaninyamazia?" Nikasema ndiyo. Akaniambia nitoke.

Basi sina pa kukimbilia tena. Nikitoroka, kipande anacho. Naliogopa gereza, Maduhu, sitakuficha. Naogopa wanangu kufukuzwa kambini na vyombo vyao kichwani. Naogopa macho ya nyapara, atakuwa amesimama palepale. Nikifungwa, sijui nani atamwandikia yule mzee anayekohoa, bado hajapimwa. Nimewaza haya mpaka kichwa kinauma na bado sioni njia nyingine.

Ahadi yangu ni hii. Akiniuliza nani alikuwa kwenye mkanda siku ile, nitasema Maduhu, akifanya kazi, kwa kadi yangu, kwa ajili yangu. Sauti itatetemeka. Usinicheke.

Pumzika, ndugu yangu. Uliliazima jina langu ukafa nalo, na mimi nikakuacha miezi yote hii huna lako. Kesho nakurudishia, mbele yao wote. Niombee miguu isinikimbize.

Mimi yule mwoga wako,
Nkwabi