Pua ya Baba

Dada yangu mpenzi,

Friji uliyotutumia imefika bila hata mkwaruzo. Ahsante, Dada, Mungu akuzidishie. Mama ameivika kitambaa utadhani bibi harusi. Sasa samaki hawalali tena kwenye beseni. Wakifika tu nawatoa matumbo, nawaosha, nawafunika na kuwaweka rafu ya chini kabisa, wasije wakadondoshea maji yao chakula kingine.

Hukuniuliza kwa nini niliiomba kwa haraka vile. Ni Baba. Yeye aliyeuza samaki miaka thelathini, hadi soko zima likamwita Pua, alimnusa samaki aliyeshinda kwenye beseni kutwa nzima, akaapa bado ni mzima. Mama alijua, lakini alikula ili asimwaibishe. Tumbo lilimsumbua siku tatu. Baba hasikii harufu tena, Dada, na alikuwa anatuficha.

Tangu siku ile hakukanyaga jikoni. Jana nimerudi na samaki wawili, mara namwona kasimama nyuma yangu. Akambonyeza mmoja kwa kidole, nyama ikarudi. Akamtazama macho, akafunua mashavu, mekundu. Kisha akanisogezea.

“Macho na kidole bado viko kazini,” akasema. “Pua imestaafu. Nusa wewe, mwanangu.”

Nikanusa. Akaningoja, kama wateja walivyokuwa wakimngoja yeye.

Tulikula wote watatu, na Mama akajiongezea kipande.

Mdogo wako akushukuruye,
Pua