Cherehani ya Mama Haikurudi

S.L.P. 48217,
Nairobi.
14 Novemba 1976

Mpendwa dada yangu Kalekye,

Pokea salamu kutoka Kileleshwa, kutoka chumba kile kile cha uani ulichokiacha, chenye dirisha linalokataa kufungwa. U hali gani? Kikohozi ulichokitaja kimekwisha, au baridi ya huko Leeds bado inakung'ang'ania? Mimi ni mzima, na bado nakaa pale ofisini mjini nikiwaunganishia simu watu wasiojua kusema asante. Mvua imeanza vizuri, na mjomba Mwololo ameleta habari kwamba mbaazi za Mbooni zimechipuka.

Mama pia ni mzima wa mwili. Ameenda kanisani tangu asubuhi, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia bila kuulizwa ninaandika nini.

Uliuliza kwa nini gauni ulilomwomba akushonee halijafika. Halitafika, Kalekye. Mama hana cherehani tena. Tafadhali soma polepole, kwa maana nimekasirika na naweza kuruka jambo.

Tangu mwaka jana Mama ameacha kanisa letu dogo la hapa jirani na kumfuata mhubiri mmoja aitwaye Zedekiah. Huyu amekodi ukumbi wa sinema katikati ya mji kwa ibada za Jumapili. Nje bado kuna picha ya mchezaji mwenye bastola, na kando yake wamebandika picha ya Zedekiah mwenye suti nyeupe, hata mgeni asingejua ni yupi anayeonyeshwa saa nane. Ndani, viti vya mbele vimezungushiwa kamba nyekundu kwa ajili ya wenye magari. Mlangoni mabinti wanauza mafuta ya maombi katika vichupa, na vitambaa ambavyo Zedekiah amevipulizia pumzi. Kabla ya siku nitakayokusimulia, mimi nilikwenda mara moja tu, nikatoka nikiwa na hamu ya kunawa.

Mama hakuona nilichokiona. Yeye alisikia jina la Yesu likitajwa kwa kipaza sauti, ikamtosha.

Sasa nikukumbushe mavuno ya kwetu Mbooni. Unakumbuka mbuzi wa yule mjane, Syokimau? Kila mavuno alimleta kanisani, maana hakuwa na kitu kingine. Shemasi alimnadi, watu wakachanga wakamnunua, halafu wote wakamsindikiza Syokimau kwa nyimbo hadi kwake na kumrudishia kamba ya mbuzi wake mkononi. Kanisa likapata chake na mjane akabaki na maziwa yake. Mbuzi yule alitolewa sadaka mpaka akazeeka, na hakuwahi kulala nje ya boma la Syokimau. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo. Ndivyo mavuno yalivyokuwa, na mtu wa kuondoka na mbuzi wa mjane angekosa wa kumwamkia.

Basi Zedekiah naye akatangaza mavuno na mnada. Akahubiri kwamba kutoa ni moyo, na kwamba anayetaka Mungu amrudishie kilicho mbali atoe kile kitakachomuuma. Mama akarudi nyumbani, akaipaka cherehani mafuta, akaifuta vumbi na kuifunga kwa khanga yake ya Jumapili. Nilimuuliza kama amepata wazimu. Akanicheka, akasema nimekaa mjini hadi nimesahau mavuno. Aliamini kabisa kwamba itanunuliwa na kurudishwa jioni ile ile. Hata Rael, jirani yetu, alimwachia kitambaa cha sare za watoto wake zishonwe Jumatatu.

Nilikwenda naye ili kumsaidia kubeba. Cherehani ikapandishwa jukwaani, pale ambapo usiku huoneshwa sinema, na mnadi akaanza kuipigia kelele. Bwana mmoja wa Kitisuru akatoa bei iliyowashinda wote. Watu wakapiga makofi. Mama akasimama, Kalekye. Akasimama akarekebisha kitambaa chake kichwani, akingoja aitwe mbele arudishiwe. Mnadi akamwambia Mama akae chini, kuna watu nyuma hawaoni.

Nilimkimbilia yule bwana nje, dereva wake akiwa tayari anaipakia. Nikamweleza desturi ya kwetu. Hakunijibu kwa ukali, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alishangaa kweli. "Lakini hii nimenunua mbele ya watu wote," akasema. "Pesa nimepatia Mungu. Sasa mnataka nirudishe kwa nini?" Mama akanivuta mkono. "Wacha, Kavata. Labda ataileta kesho."

Kesho yake alifagia pembe ilipokuwa cherehani, akakiweka kigoda mahali pake. Akafanya hivyo juma zima. Rael alikuja akachukua kitambaa chake.

Nilikwenda kwa Zedekiah. Ana ofisi kwenye ghorofa, yenye zulia ambalo viatu vyangu viliona haya kulikanyaga. Alinisikiliza akitabasamu, kisha akaniomba nisimnyang'anye mama yangu baraka zake. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa maana baba yetu alitulea vizuri.

Siku hizi Mama anafua nguo katika nyumba mbili kule Parklands. Vidole vyake vimepasuka kwa sabuni. Jioni akikaa kwenye kigoda kile, mguu wake unakanyaga sakafu, unakanyaga, unakanyaga, na yeye hajui. Mimi nampa mgongo nijifanye napika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Hujauliza Mama anataka Mungu amrudishie kitu gani. Ni wewe. Cherehani aliitoa ili urudi nyumbani.

Uliniambia nisimwambie kwamba umeamua kubaki huko, na kwamba umechumbiwa na yule kijana wa Ghana. Nimenyamaza kama ulivyoniomba. Yeye anajua tu kwamba umemaliza masomo ya uuguzi na kuna kitu kinakuzuia. Kila Jumapili Zedekiah anamwambia kizuizi hicho kinakaribia kuvunjika, ila sadaka yake haikutosha. Wiki iliyopita Mama alimwomba mjomba Mwololo hati ya shamba letu anayotutunzia, lile la chini karibu na mto, alikozikwa Baba. Anataka kulitoa mnada wa Krismasi. Mwololo amekataa, lakini unajua jinsi asivyoweza kumwona dada yake akilia.

Ukija leo, Zedekiah atampandisha Mama jukwaani kama ushahidi, na kina mama wengine watauza walicho nacho. Usipokuja, Mama atasema alitoa kidogo. Nimeliwaza jambo hili hadi kichwa kinauma, na naona mlango mmoja tu. Mwandikie mwenyewe. Mwambie wazi kwamba umechagua kubaki, kwamba hakuna pepo aliyekufunga, na kwamba hakuna kitu anachoweza kukitoa kikakuleta. Atalia, na huenda akakukasirikia. Mimi nitakuwepo. Lakini kwa sasa ukimya wako ndio anaouziwa na mtu yule kila Jumapili, nasi tunakaribia kukosa mahali pa kumzuru Baba.

Msalimie Phoebe, mwenzako wa chumbani, na mwambie maji ya ugali huchemshwa kwanza. Mjomba Mwololo na Rael wanakusalimu. Mungu yule wa Mbooni, asiyekodi ukumbi, akulinde katika baridi hiyo.

Nasikia lango. Mama amerudi, na anaimba. Ataniuliza, "Dada yako ameandika?" kama anavyoniuliza kila Jumapili, kisha atakaa kwenye kigoda chake.

Wako wa tumbo moja, akupendaye hata akigomba,

Kavata